Kompyuta inaleta skrini ya bluu baada ya apdeti? Usikimbilie kupiga Windows

Jumanne ya pili ya kila mwezi Microsoft wanatoa apdeti zao za usalama, kwa saa za kwetu inakuwa usiku, na kuanzia Jumatano ndo laptopu zinaanza kuingia hapa Kariakoo na maelezo ni yaleyale, fundi imejiapdeti yenyewe usiku, asubuhi nawasha naona bluu. Nyingi zinakuwa zimeshapita kwa mtu mwingine ambaye kapiga Windows upya halafu kazima apdeti zisije tena kabisa. Hilo la kuzima apdeti linaniumiza kuliko yote.

Mnakumbuka wale virusi wa WannaCry? Tundu la usalama walilopitia lilikuwa limeshazibwa na apdeti ya Machi 2017, virusi wenyewe wakaja Mei, wakafunga mafaili ya watu kwenye nchi kama 150 hivi. Kompyuta iliyokuwa imeweka ile apdeti ya Machi hawakuweza kuipenya kwa njia hiyo. Sasa wewe una duka, madeni ya wateja yote yako kwenye Excel, mtu anakuzimia apdeti kwa sababu ya draiva ya grafiksi (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya picha), na hata hakwambii!

Maana mara nyingi tatizo lenyewe ni draiva. Draiva ya grafiksi inafanya kazi ndani kabisa kwenye kiini cha Windows, siyo kama Word ambayo ikikwama unaifunga maisha yanaendelea, hii ikikosea mashine nzima inalala. Windows ina utaratibu wake, ikiipa kadi ya grafiksi kazi inasubiri sekunde 2, isipojibiwa inajaribu kuiamsha upya, hapo ndo unaona kioo kinakuwa cheusi kidogo kisha kinarudi. Ikishindikana kuamka inakuja bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE, kodi yake 0x116, na mara nyingi chini yake jina la faili. nvlddmkm.sys ni ya NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD, igdkmd64.sys ni ya Intel. Hilo jina ndo la kupiga picha kwa simu, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kwa nini ianze siku ya apdeti? Kwanza apdeti inagusa hicho kiini ambacho draiva imekikalia, na draiva ikiwa ya zamani, ile aliyoiweka mtengenezaji miaka hiyo kabla laptopu haijaja Dar kama used, wanaweza wasielewane. Pili, Windows Update yenyewe huwa inaleta na draiva, inabadilisha uliyokuwa nayo na wewe huna habari. Na la tatu watu hawalijui kabisa: ukizima laptopu kwa Shut down, ile Fast Startup inahifadhi kiini kama kilivyo na kesho inakirudisha hivyohivyo, kwa hiyo mashine inaweza kukaa wiki nyingi bila kuanza upya kikweli, apdeti ndo inailazimisha restati kamili, kila kitu kinapakiwa upya na ugonjwa uliokuwepo siku zote unatokea hapo.

Siwatetei Microsoft. Januari 2018 apdeti za kuziba Meltdown na Spectre, matundu ya usalama ya kwenye prosesa, zilifanya baadhi ya mashine zenye prosesa za AMD zisiwake kabisa, wakasimamisha kuzitoa kwa mashine hizo. Lakini Februari 2010 watu walilia bluu baada ya apdeti, kuchunguza ikaonekana mashine zile zilikuwa na kirusi Alureon kimejificha kwenye kiini, apdeti ilikigusa tu kikaangusha kila kitu. Ndo maana lazima ushahidi usomwe kwanza.

Ushahidi upo C:\Windows\Minidump, humo Windows inaandika kumbukumbu ikianguka, ukipiga Windows upya unaupoteza. Fungua faili hizo na programu ya BlueScreenView au WinDbg. Halafu andika perfmon /rel kwenye Run, inakuja chati ya siku kwa siku, unaona apdeti iliingia lini, draiva ilibadilika lini, na kama mashine ilishaanza kuanguka kabla ya apdeti basi apdeti umeisingizia.

Ikiwa ni draiva, ingia Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya lazima tu), toa intaneti ili Windows isikuwahi kuleta yake, ifute ya zamani kwa DDU, programu ya kung'oa draiva za grafiksi, kisha weka ya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa modeli yako halisi. Kwa wengine, kitufe cha Roll Back Driver ndani ya Device Manager, kinachorudisha draiva ya awali, kinatosha kabisa. Ila kabla hujagusa Safe Mode hakikisha una ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga data kwenye diski), tarakimu 48, kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, bila huo data yako unaweza kuiaga na hakuna fundi Dar nzima wa kukusaidia.

Ikiwa kweli ni apdeti, itoe hiyohiyo moja kwenye historia ya Windows Update, simamisha kwa wiki moja au mbili usubiri marekebisho, kisha ruhusu tena.

Na kama unaona mistari au vidoti vya rangi kwenye nembo ya mtengenezaji kabla hata Windows haijaanza, acha kabisa habari ya draiva. Hapo ni kadi yenyewe au kioo na waya wake, chomeka skrini ya nje uangalie, nayo ikionyesha mistari ni kadi. Joto la hapa na vumbi la mjini vinaziba feni, pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya chipu inakauka, na 0x116 inaweza kuja kwa sababu hiyo hata draiva ikiwa mpya kabisa. Ifunguliwe, isafishwe, iwekwe pesti mpya, kisha ipimwe ikiwa na kazi nzito, siyo kuangalia desktopu tu na kusema imepona.