Kubadilisha rangi za GIF: gusa paleti, picha iache

Siku hizi kazi inayoniingia kwa wingi si mabango wala kadi za harusi, ni GIF: tangazo dogo linalocheza kwenye simu, picha tano sita zinazofuatana, bei chini, namba ya kulipia pembeni. Wauza leso wa Biashara Street, Mombasa, ndio wanaozitaka zaidi, na ombi lao halibadiliki. Leso ni ile ile, pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake "Wema hauozi", ila mzigo umekuja kwa rangi tatu. Mama mwenye duka ananitumia picha ya nyekundu, kisha inafuata sauti: "Mwanangu, nataka na ya kijani, na ile damu ya mzee. Zicheze vivyo hivyo. Na iwe leo, kesho Ijumaa nafunga mapema."

Wengi wanaojifunza kazi hii hufungua fremu, yaani kila picha ya mfuatano, moja moja na kuipaka upya. GIF yenye fremu kumi na mbili, kwa rangi mbili za ziada, ni fremu ishirini na nne za kupaka, na mkono ukiteleza kwenye moja tu, tangazo litakuwa linapepesa pale pale kila likijirudia. Taabu yote hiyo ya nini, na ndani ya GIF picha na rangi hazikai pamoja?

Faili ya GIF ina orodha ya rangi, yaani paleti, isiyozidi rangi 256. Halafu ina picha yenyewe, na pikseli za picha hiyo, yaani nukta ndogo zinazoiunda, hazibebi rangi, zinabeba namba. Pikseli inasema "mimi ni 7", na programu inayoionyesha inakwenda kwenye paleti kutazama 7 ni rangi gani. Ukiibadilisha 7 kutoka nyekundu kuwa kijani, kila pikseli yenye 7 inageuka kijani papo hapo, katika kila fremu inayotumia paleti hiyo. Leso zenyewe ndivyo zinavyochapwa: nakshi huchorwa mara moja, kinachobadilishwa ni rangi inayomiminwa.

Mpango huu ni wa 1987, wa kampuni ya CompuServe ya Marekani, chini ya mhandisi Steve Wilhite. Laini za simu wakati huo zilikuwa za kujikongoja na skrini nyingi hazikuwa na rangi za kuringia, kwa hiyo 256 ilikuwa neema. Toleo la 1989 liliongeza muda wa kila fremu na rangi moja ya uwazi. Kujirudia bila kikomo, jambo ambalo leo tunalihesabu kuwa ndiyo GIF yenyewe, kulikuja na kivinjari cha Netscape 2.0 mwaka 1995. Katikati palikuwa na mvutano wa hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya LZW, njia ya kubana data inayotumiwa na GIF, iliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Unisys. Mvutano huo ndio uliozaa PNG, aina nyingine ya faili ya picha, na programu kadhaa za bure ziliacha kuandika GIF mpaka hataza ilipokwisha, Marekani mwaka 2003 na kwingineko 2004. Leo hakuna wa kukudai.

Chombo changu ni GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, inakwenda kwenye Windows, Linux na Mac, na laptopu ya mtumba inaimudu. Ndani yake kila tabaka ("layer") ni fremu: tabaka la chini kabisa ndilo linaloanza, la juu linamaliza. Picha zako ziingize kwa "Open as Layers", zipunguze upana (mimi huishia pikseli 480, kwa simu zatosha), kisha zipe majina. Jina la tabaka ndilo linalobeba muda. Ukiliita "bei (1500ms)", fremu hiyo itakaa sekunde moja na nusu. Ukiongeza "(replace)", fremu iliyotangulia itafutwa kwanza. Ukiweka "(combine)", mpya italala juu ya ya zamani. Kwa leso zinazobadilishana natumia ya kwanza. Kwa bei inayotokea juu ya picha isiyosogea natumia ya pili, na tabaka la bei linakuwa na maandishi tu, pengine pote ni uwazi.

Wape watu nafasi ya kusoma. Matangazo mengi ninayoyaona yanakimbiza bei kama matatu ya Likoni iliyoona feri inaondoka. Fremu yenye maandishi naipa sekunde moja na nusu hadi mbili. Za nguo peke yake nusu sekunde. GIF huhesabu muda kwa sehemu za mia za sekunde, basi hakuna maana ya kuandika 125ms. Na ukiandika 10ms ukitarajia kasi ya umeme, vivinjari vingi vitakurudisha kwenye 100ms, yaani polepole kuliko ungeandika 20ms. Mchezo wenyewe utazame kwa "Filters", "Animation", "Playback" kabla ya kwenda mbele.

Sasa ndipo penye kazi. Nenda "Image", "Mode", "Indexed". Hapa GIMP inatengeneza paleti moja kwa matabaka yote, na inakuuliza rangi ngapi. Usikubali 255 kwa sababu tu ndiyo iliyoandikwa. Leso yenye rangi tatu za kiwandani, pamoja na vivuli vya mikunjo, inatosheka na 64, na mara nyingi 32. Pale inapouliza juu ya "dithering", chagua "None", yaani hutaki. Hiyo ni mbinu ya kutawanya nukta za rangi mbili ili jicho lione ya tatu. Kwenye picha ya machweo pale Mama Ngina inasaidia, lakini kwenye GIF unayotaka kuibadilisha rangi inaharibu mara mbili. Kwanza nukta za nyekundu zinajipenyeza mahali pasipokuwa na nyekundu, nawe ukigeuza kijani, mji mweupe wa leso unaota ukungu. Pili faili inavimba, kwa kuwa LZW inapenda namba zinazojirudia mfululizo kwenye mstari, na nukta zilizotawanywa zinaukata mfululizo huo.

Fungua sasa "Colormap" kutoka "Windows", "Dockable Dialogs". Utaona vibox vya rangi vimepangwa ovyo. Nenda "Colors", "Map", "Rearrange Colormap", uzipange kwa rangi zinazokaribiana. Usiogope, programu inazihamisha namba za pikseli pia, picha haibadiliki. Kwenye ile leso ya "Wema hauozi" zilitokea nyekundu kumi na moja zikiwa zimekaa foleni: ile ya pindo lenyewe, zilizoiva zaidi kwenye mikunjo, na mwishoni mbili za rangi ya waridi iliyopauka. Hizo mbili ndizo zinazowaponyoka watu. Si rangi za kitambaa. Ni kingo, pale nyekundu inapokutana na nyeupe na kamera ikachanganya. Ukizisahau, kijani chako kitazungukwa na uzi wa waridi, na hata asiyejua lolote kuhusu kompyuta ataona kuna kitu hakikukaa sawa.

Bofya mara mbili kibox cha kwanza. Kwenye dirisha la kuchagua rangi kuna vitelezi vya H, S na V: ya kwanza ni rangi yenyewe, ya pili ukolevu, ya tatu mwanga. Kwa kijani, peleka H kutoka kwenye 0 hadi karibu na 130, na V usiiguse. Fanya hivyo kwa zote kumi na moja, H ile ile kila mara. Vivuli vinabaki vivuli kwa sababu mwanga wao haukusogezwa, na nguo inaendelea kuonekana nguo. Damu ya mzee ni kinyume chake: H inabaki karibu na nyekundu, unachoshusha ni V, kwa kiasi kile kile kila kibox, ama mikunjo itapotea gizani.

Leso hiyo hiyo ilikuwa na nyeusi mbili. Kwa macho hazina tofauti, kwa misimbo ya rangi moja ni 000000 na nyingine 0a0a0c, lakini moja ilikuwa ya mstari wa pindo na nyingine ya herufi za jina. Kama wataka jina liwe na rangi tofauti, chukua chombo cha kunyonya rangi ("Color Picker"), washa dirisha lake la maelezo, uguse herufi. Kitakuambia namba yake kwenye paleti, nawe utabadilisha unayoijua, si ya kukisia.

Paleti ukiipenda, ihifadhi. Dirisha la "Palettes" linaweza kuichukua kutoka kwenye picha, na faili ya .gpl inayotoka ni maandishi matupu: kila mstari wa rangi una namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Unaweza kuihariri hata kwa Notepad. Kisha kwa "Colors", "Map", "Set Colormap" unaivalisha picha yoyote iliyokatwa kutoka faili ile ile. Sharti ni moja: mpangilio wa mistari usiuvuruge, maana hesabu inaanzia 0, mstari wa rangi wa nane ndio 7, na ukiupanga upya hapo pikseli hazitajua.

GIF ya kuokota mtandaoni ina tabia zake. Ukiifungua na juu ya dirisha ikaandikwa RGB (kila pikseli inabeba rangi yake yenyewe) badala ya "indexed", maana yake fremu zake zilikuwa na paleti tofauti tofauti, na kubadilisha namba moja hakungefika kila mahali. Nyingine fremu zake ni vipande tu, kilichosogea ndicho kilichohifadhiwa. Dawa ni "Filters", "Animation", "Unoptimize", kisha uiingize "Indexed" wewe mwenyewe, ipate paleti moja.

Kuna tovuti kama ezgif.com zenye kitelezi cha kuzungusha rangi zote kwa pamoja. Kwa nembo au katuni ni sawa na ni haraka. Lakini zungusha tangazo lenye mwanamke aliyejifunga leso uone: leso itakuwa kijani, na yeye naye atakuwa na uso wa kijani kama amepanda mashua kwa kusi. Kitelezi hakijui kilipo kitambaa. Paleti unaichagua kibox kwa kibox, ngozi unaiacha.

Ukishazoea, na kama rangi za kubadilisha ni chache na unaijua misimbo yake, kuna gifsicle, programu ndogo isiyo na dirisha, ya kuandikiwa amri:

gifsicle --change-color "#c4122f" "#12c43f" nyekundu.gif -o kijani.gif

Unaweza kurudia "--change-color" mara nyingi kabla ya jina la faili, na haziingiliani, kwa hiyo hata kubadilishana rangi mbili kwenye amri moja kunawezekana. Programu hiyo hiyo kwa -O3 inapunguza uzito wa faili bila kugusa rangi. Kabla ya kuitumia mhakikishie mteja hizo ndizo rangi, kwa sababu faili iliyobanwa ni karaha kuihariri tena. Mimi huweka kando faili ya .xcf ya GIMP yenye matabaka yote.

Kutoa faili: "Export As", jina liishie .gif, weka alama kwenye "As animation" na "Loop forever". Wateja wangu wote huishia WhatsApp, na huko GIF hugeuzwa video njiani. Uwazi unapotea, basi jaza mandharinyuma rangi kabisa, usiiachie programu ikuchagulie. Mteja akitaka leso ielee bila mandharinyuma, hiyo ni stika inayocheza, nayo ni faili ya WebP ya pikseli 512 kwa 512 isiyozidi KB 500, yenye taratibu zake. Na rangi ya mwisho usiipitishe kwenye skrini yako peke yako. Mtumie mama mwenye duka, aifungue kwenye simu yake, ailinganishe na kitambaa mlangoni penye mwanga wa jua, kwani wanunuzi wake watakuja wakiwa na simu mkononi, na kijani cha taa za dukani na kijani cha nje si kimoja.