Mlio hauzibi sikio

Jana nimeambiwa tena. "Dokta, masikio yangu mazima, ila huu mlio wa ndani ya sikio ndio unaoziba maneno. Niondolee mlio, nisikie." Jumatatu moja mwezi uliopita walikuja watatu na maneno hayohayo kabla ya adhuhuri: mama wa Majengo, dereva wa lori la makontena, na mzee aliyechomelea vyuma miaka 30 katika karakana upande wa Kilindini. Wote walikuwa wameshatia mafuta, ya nazi, ya habasoda, au ya kitunguu thomu yaliyopashwa moto. Ngozi ya ndani ya sikio la yule mama ilikuwa imeungua. Nilikasirika, si kwake, bali kwa aliyemwambia.

Mambo ni kinyume chake. Kwa kawaida usikivu hupungua kwanza, mara nyingi miaka kabla mwenyewe hajatambua, na mlio huja nyuma yake.

Tazameni odiogramu ya yule mzee, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu wake. Hadi hezi 2,000 mstari ulikwenda vizuri (hezi zikizidi, sauti ni nyembamba zaidi). Kwenye 4,000 uliporomoka, kisha kwenye 8,000 ukapanda kidogo. Shimo la namna hiyo ni la grainda na nyundo, nililijua kabla sijamuuliza kazi yake. Kelele ya desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, hukubaliwa kwa muda wa saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 mtu amebakiwa na dakika 15. Yeye alikuwa akishinda humo. Nikampigia sauti mojamoja achague inayofanana na mlio wake. Akachagua iliyo karibu na 4,000, palepale kwenye shimo.

Ndani ya koklea, ule mfereji wenye umbo la konokono ndani ya kila sikio, mna seli kama 15,000 zenye vinyweleo. Zikifa zimekufa. Kuku hurudishiwa zake, binadamu hapana. Ubongo uliozoea kupokea habari kutoka kwa seli hizo hauketi ukanyamaza. Anayemngoja mgeni usiku wa manane mwishowe husikia hodi ambayo haikupigwa, na ubongo nao uko hivyo: unaongeza nguvu ya kusikiliza mpaka unasikia mtikisiko wake wenyewe. Ndiyo maana wapo waliokatwa mshipa wa fahamu wa sikio katika upasuaji wa uvimbe na mlio ukabaki. Mwaka 1953 Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri katika chumba kisichopenywa na sauti, na baada ya dakika chache asilimia 94 walisema wanasikia kitu. Hao hawakuwa na uchafu wa kutolewa kwa mafuta.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi zaidi: "Nasikia vizuri."

Sema *samani*, kisha *thamani*. Kilichozitenganisha ni pumzi nyembamba mwanzoni mwa neno, iliyo juu sana na dhaifu sana. S, f, sh, th na t zinategemea sauti nyembamba, na hizo ndizo za kwanza kupotea. A, e, i, o, u ni nene na zina nguvu, tena Kiswahili chetu kinaweka irabu karibu kila baada ya konsonanti. Kwa hiyo mtu aliyepoteza nusu ya maneno bado anasikia wimbo wote wa lugha. Anajua umesema, anajua umeuliza, anajua umekasirika. Ulichosema ndicho hakijui. Adhana anaisikia, honi ya feri ya Likoni anaisikia, matatu anaisikia kabla haijafika stejini, basi anaamini masikio mazima na wajukuu ndio siku hizi wanameza maneno. Na kwa kuwa mlio anausikia waziwazi, anautwika lawama yote.

Nyumbani nao wanapiga kelele. Ukipaza sauti unakuza irabu, si ile s. Anapata kishindo badala ya neno, anakunja uso, mnasema mzee amekuwa mkali. Mkabilini, aone midomo yenu, semeni polepole, zimeni televisheni. Nimewaambia watoto wa wagonjwa wangu haya mara nyingi sana, na bado wananiuliza kutoka chumba cha pili.

Nakiri kwamba dai la mzee lina chembe ya ukweli. Mlio unakula fikira, na aliyechoka kuusikiliza hana nguvu iliyobaki ya kufuata mazungumzo. Hata katika kipimo mwingine hubonyeza kitufe kwa kuudhania mlio kuwa ni sauti yangu, ndiyo maana natumia sauti inayokatikakatika.

Nta ya sikio? Ndiyo, ikiziba huleta mlio, na kuitazama ni kazi ya dakika moja, bila kiberiti wala ufunguo. Waliotumia kwinini zamani kwa malaria wanakumbuka masikio yalivyovuma, na aspirini nyingi hufanya vivyo hivyo. Mlio wa sikio moja tu, mlio unaodunda pamoja na moyo, au sikio lililokufa ghafla: usingoje. Hilo la ghafla njoo siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake ina faida ikiwahi.

Wengine wengi nawaanzisha na mashine ya kusikia, kwa sababu inaupa ubongo ile habari unayoingoja. Hata hivyo nimewavalisha watu mashine nzuri, zimepangwa sawasawa, na mlio haukusogea. Nina wagonjwa wenye upungufu mkubwa wasio na mlio hata kidogo, na kijana mwenye odiogramu safi asiyelala usiku. Odiogramu yetu huishia hezi 8,000 na hupima sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia, si hali ya mshipa wa fahamu. Na tiba iliyothibitika zaidi kupunguza mateso ya mlio ni ile ya mazungumzo, ya kubadili namna mtu anavyoupokea. Nachelewa kuitaja, kwa sababu mgonjwa husikia nimemwita mwendawazimu. Hapo nadhani nakosea mimi. Ningeitaja siku ya kwanza.

Hapa Mombasa usiku una shida yake. Tunalala na feni, na uvumi wake unaufunika mlio vizuri. Stima ikipotea saa nane za usiku, kimya kinaingia na mlio unapiga mayowe. Wagonjwa hunipigia simu asubuhi wakisema umezidi. Haukuzidi, ulibaki peke yake. Redio ndogo ya betri kando ya kitanda inatosha.

Yule mzee alirudi baada ya wiki mbili na mashine masikioni. Nikamuuliza mlio uko wapi. "Upo. Mchana nausahau, nikivua usiku unarudi." Akaniambia kwamba amesikia champali za mkewe zikiburura sakafuni, jambo ambalo hakujua limempotea. Kisha akauliza kama anaweza kulala na mashine hizo masikioni. Nikamwambia hapana, kwa jasho na chumvi ya hewa yetu zitaoza, azitie katika mkebe wa kukaushia na awashe feni.