Tafsiri ya jeni kuwa protini: nani hasa anaejua lugha mbili?

Nimefundisha hii mada miaka kadhaa sasa na kila darasa linakwama palepale, yaani mwanafunzi anaweza kukutajia DNA, RNA, ribosomu, kodoni, vyote anavyo kichwani, alafu ukimuuliza swali moja dogo tu, "kwa nini inaitwa tafsiri?", kimya.

Tuanze na hilo basi. Kuna unukuzi na kuna tafsiri. Unukuzi ni kunakili, DNA (yale maandishi ya urithi ndani ya seli, herufi zake ni kemikali nne: A, T, G, C) inaandikwa upya kama RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni, herufi ni zilezile isipokuwa T inakuwa U, lugha haijabadilika. Tafsiri ndo kutoka lugha moja kwenda nyingine kabisa: kutoka herufi nne za RNA (A, U, G, C) kwenda asidi amino 20 ambazo ndo zinajenga protini. Ukilishika hilo nusu ya kazi imeisha.

Sasa herufi nne zitatajaje vitu 20? Ukisoma mojamoja unapata maneno 4, ukisoma mbilimbili 16, bado hayatoshi, ukisoma tatutatu unapata 64 na yanabaki. Kila kundi la herufi tatu ndo kodoni. Kati ya hizo 64, 61 zinataja asidi amino na tatu (UAA, UAG, UGA) zinasema simama. Kwa kuwa zimezidi, asidi amino moja inaweza kuwa na kodoni kadhaa, leusini inazo sita, ila methionini ina moja tu, AUG, na hiyohiyo ndo kwa kawaida inaanzisha protini.

Kitu cha kuwasisitizia sana ni kwamba hakuna nafasi wala nukta kati ya kodoni. Mi huwa naandika ubaoni MTUANAOTAJUA. Soma tatutatu: MTU ANA OTA JUA. Sasa futa ile U ya kwanza uone: MTA NAO TAJ UA. Herufi moja imetoka na kila kitu baada yake kimevurugika, na hivo ndo inavokuwa kwenye jeni herufi moja ikipotea. Ukifuta tatu kwa mkupuo, mfano ANA yote, inabaki MTU OTA JUA, neno limepungua lakini mengine yanasomeka. Na ukibadilisha herufi moja bila kuifuta, OTA ikawa OGA, limeharibika neno moja tu. Lakini neno moja sio jambo dogo: selimundu inatokana na kodoni moja ya hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), GAG kuwa GUG, asidi glutamiki ikaondoka ikaingia valini, basi, herufi moja, na seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu.

Haya, twende kwenye lile swali la kichwa cha habari. Wengi wanajibu ribosomu, ile mashine ya seli inayojenga protini, ndo mtafsiri. Hapana. Ribosomu inashika RNA mjumbe, inaisogeza kodoni moja baada ya nyingine, na inaunganisha asidi amino kuwa mnyororo, kwa bakteria inaunganisha kama 15 hadi 20 kwa sekunde, ni kazi kubwa sana hiyo. Ila asidi amino yenyewe haiihakiki. Anaeleta ni RNA mbebaji, upande mmoja ana herufi tatu zinazokamatana na kodoni (tunaziita antikodoni) na upande wa pili amebeba asidi amino. Ribosomu inaangalia kama antikodoni imekaa sawa na kodoni, ikikaa inapokea mzigo wowote uliokuja nao.

Hili lilionyeshwa mwaka 1962 kwa jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko yote kwenye mada hii. Watafiti walichukua RNA mbebaji iliyobeba sisteini, wakaigeuza kikemikali ile sisteini ikawa alanini, asidi amino nyingine, ikiwa bado imeshikwa mlemle mgongoni. Ribosomu ikaiweka alanini pale palipotakiwa sisteini, bila kusita.

Kwa hiyo anaejua lugha mbili ni yule anaempakia mbebaji mzigo, ni vimeng'enya maalum, kila kimoja kinatambua asidi amino yake na wabebaji wake, kikikosea hakuna wa uhakika wa kumsahihisha mbele. Kamusi iko hapo. Darasani nawagawa: mmoja ribosomu, wengine wabebaji, na mmoja wa kupakia karatasi za asidi amino, alafu namnong'oneza huyu wa kupakia abadilishe karatasi moja kimyakimya. Protini ikitoka na kosa wote wanamgeukia ribosomu, hapo ndo somo linaingia.

Angalizo la mtihani: lile jedwali la kodoni, linaloonyesha kila kodoni inataja asidi amino gani, ni la kodoni za RNA mjumbe. Watu wanachukua antikodoni wanaenda kuitafuta kwenye jedwali, AUG inakaa na UAC, wakisoma UAC wanaandika tairosini wakati jibu ni methionini. Alama zinapotea hivihivi kila mwaka, inaniuma.

Na zile kodoni tatu za kusimama zina mbebaji gani? Kwa kawaida hazina. Ribosomu ikifika UAA inakuja protini nyingine ya kuachilia, inaingia kwenye ile nafasi ambayo mbebaji angekaa, mnyororo unakatwa kutoka kwa mbebaji wa mwisho na protini mpya inaondoka zake ikijikunja kupata umbo.