Maji ya kijani bwawani si uchafu

Hapa Lindi, bwawa la perege la uani likibadilika rangi, ushauri ni uleule tangu zamani: mwaga maji yote, jaza mapya. Ushauri huo umeua samaki wengi. Maji ya bomba yana klorini, na samaki hudhurika maji yakibadilishwa ghafla.

Chota maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache mpaka kesho yake. Yakibaki ya kijani, huo ni mwani, si ule wa baharini bali vimea vidogo vinavyoelea majini, na ni chakula cha perege. Mchana huwapa samaki hewa. Zamisha mkono ukitazama kiganja. Kikipotea machoni maji yakifika karibu na kiwiko, kama sentimita 30, bwawa liko vizuri, liache. Kikipotea kabla kifundo cha mkono hakijalowa, punguza mbolea na chakula, maana usiku mwani mwingi huimaliza hewa, na alfajiri utawakuta samaki wakihema juu ya maji.

Yakibaki ya rangi ya udongo, hapo kuna kazi. Chembe za mfinyanzi zina chaji ya umeme ya aina moja, zinasukumana, kwa hiyo hazizami hata ukingoja wiki. Jasi, madini ya kutengenezea plasta, ileile inayochimbwa Kilwa, huzishikanisha zikazama: gramu 100 hadi 300 kwa lita 1,000, ukijaribu kwanza kwenye ndoo. Shabu nayo hufanya kazi, ila huongeza asidi. Na kingo zipande nyasi kabla ya mvua za Desemba, la sivyo tope litarudi lilelile.