Msizibe banda la kuku hadi juu: ushauri wa kipupwe kutoka Njombe

"Mtaalamu, nimeziba banda lote kwa turubai, hata upepo hauingii, mbona kuku bado wanakoroma?" Swali hili naulizwa kila kipupwe, na jibu langu linawaudhi wengi: wanakoroma kwa sababu umeziba.

Huku nyanda za juu kusini baridi si hadithi. Kati ya Juni na Agosti sakitu, yaani umande ulioganda, huunguza viazi mabondeni, na kule Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kwamba kipupwe cha mwaka huo kitakuwa kikali kuliko kawaida, mfugaji ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ila wasiwasi wenyewe auelekeze panapostahili.

Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, na manyoya yake akiyatutumua hushika hewa ya joto karibu na ngozi. Kuku mzima, mkavu, aliyeshiba, analala usiku wa Makete na kuamka salama. Anayeteseka ni yule aliyepigwa na upepo ukamfunua manyoya, au aliyelowa.

Sasa tazama kinachotokea kwenye banda lililozibwa. Kuku wanapumua usiku kucha na kunya usiku kucha. Mvuke unapanda, unagusa bati lililopoa, unageuka matone, na alfajiri bati linawadondoshea maji mgongoni. Chini, kinyesi kibichi kinatoa amonia, ile harufu inayochoma macho. Amonia huchubua njia ya hewa, na koo lililochubuka ni mlango wazi kwa mafua na magonjwa mengine ya kupumua. Maranda uliyotandika sakafuni yakiloa nayo huwa makao mazuri ya koksidia, vijidudu vya utumbo wa kuku, na hapo utaanza kuona kinyesi chenye damu.

Kwa hiyo ziba chini, acha juu. Ukuta ufungwe kuanzia sakafuni hadi juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye fito. Viroba, mabanzi, matete, chochote ulicho nacho kitafaa, hasa upande upepo unakotokea. Chini ya paa acha nafasi ya kama shubiri moja yenye wavu, pande mbili zinazotazamana, ili hewa chafu itoke bila kuwapuliza kuku. Dari ya mianzi au nyasi chini ya bati hupunguza sana yale matone, na mianzi hapa kwetu haijawahi kuwa adimu. Wanywaji wa ulanzi, pombe ya mianzi, ni mashahidi.

Kipimo changu hakihitaji kifaa. Ingia bandani alfajiri kabla hujafungua mlango mkubwa, chuchumaa pua yako iwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, hewa haitoshi. Kisha finyanga maranda kiganjani: yakishikamana kama tonge, yaondoe, weka makavu. Karibu na viwanda vya mbao maranda hupatikana kwa bei ndogo, kwa hiyo usibane. Weka kina cha vidole vinne au zaidi.

Fito za kulalia ziwe bapa, upana wa kama sentimita 5, ili kuku akikaa manyoya ya tumbo yafunike vidole vyake.

Vifaranga ni habari nyingine kabisa. Hawa hawana manyoya ya kuwakinga hadi wafike wiki ya tano au ya sita. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakijirundika, wanasikia baridi, na walio chini watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia pembeni huku wamefungua midomo, joto limezidi. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe ya duara, isiwe na kona ya kurundikana. Na umeme ukikatika usiku, wengi hutumia chungu cha mkaa. Sikatazi, lakini mkaa uliokwisha kutoa moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua kifaranga na binadamu vilevile. Chumba chenye chungu kiwe na tundu juu, na wewe usilale humo.

Mayai yakipungua, watu hukimbilia kununua taa. Wenzetu wa Ulaya wana sababu: mchana wa Desemba London ni kama saa nane tu. Njombe mchana wa Juni unakaribia saa kumi na mbili, kwa hiyo tuanze na chakula. Kuku anayepambana na baridi hutumia sehemu ya chakula kujipasha moto, na akipewa kipimo kilekile cha Machi, yai ndilo linalokosa. Ongeza chakula, na jioni kabla hawajapanda fito wape mahindi yaliyoparazwa. Usagaji wake tumboni huwapa joto usiku. Asubuhi maji yawe vuguvugu, kwa sababu kuku asiyekunywa hali vizuri. Pilipili kichaa kwenye maji haiwapashi moto: ndege hawahisi ukali wake.

Kuku akianza kupiga chafya, mtenge, kisha rekebisha hewa ya banda kabla ya kukimbilia duka la dawa. Antibayotiki bila uchunguzi ni hasara, na mayai ya kuku aliye kwenye dawa yana siku zake za kusubiri kabla ya kuliwa. Kideri nacho, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo, hakina dawa, kina chanjo. Ile ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanje Mei, wakiwa wazima, kabla baridi haijakolea.