Kibarua, deiwaka na swali la nani mwajiriwa

Katika kipindi cha kwanza cha somo la sheria ya kazi huwa sifungui kitabu cha sheria. Huwauliza wanafunzi wangu, ambao wengi wao wamekulia hapa Tanga mjini, Muheza na Korogwe, ni nani kati yao ana mzazi aliyeajiriwa, na mikono michache huinuka: mtoto wa mwalimu, wa muuguzi, wa karani wa bandarini. Kisha huuliza ni nani ambaye mzazi wake huamka alfajiri kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine, na hapo karibu darasa zima huinua mikono. Wale walioinua mkono mara ya pili tu ndio ninaowafikiria muhula mzima, kwa kuwa wamekwisha kufundishwa nyumbani kwamba baba "ana kibarua tu", na wanaamini kwamba neno hilo lina uzito mbele ya sheria.

Kibarua, kwa asili ya neno lenyewe, ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. Baadaye jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Mashamba ya mkonge ya mkoa huu nayo yalikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ambayo mkataji alimaliza kazi aliyopangiwa, na manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali na kuitwa kwa namba walizopewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, haina tabaka la vibarua. Inayo mikataba ya muda usiotajwa, ya muda maalumu na ya kazi maalumu, na mtu anayeajiriwa kwa siku ametajwa humo waziwazi, kwani baada ya mwezi wa kwanza naye anastahili notisi ya siku 4 kabla ya kuachishwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwanafunzi lisiwe "mkataba unasemaje?" bali "uhusiano wa watu hawa wawili ukoje?" Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinamwondolea mnyonge mzigo ambao asingeuweza. Kinasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, bila kujali umbo la mkataba wao, endapo kuna hata dalili moja kati ya zilizotajwa: kwamba namna yake ya kufanya kazi au saa zake ziko chini ya usimamizi wa mwenzake; kwamba yeye ni sehemu ya taasisi ile; kwamba amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita; kwamba kipato chake kinamtegemea huyo anayemfanyia kazi; kwamba amepewa vitendea kazi; au kwamba hamfanyii kazi mtu mwingine. (Hizo saa 45 za mwezi huchanganywa kila mwaka na saa 45 za wiki, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida za kazi. Namba ni moja, mambo ni mawili, na alama za mtihani hupotelea hapo.)

Mfano ninaoutumia ni wa daladala ya Pongwe. Gari ni la tajiri, dereva hupeleka hesabu kila jioni na kinachozidi ni chake. Tajiri husema huyo si mfanyakazi wake, kwani hamlipi mshahara. Lakini kitendea kazi ni cha tajiri, dereva hana tajiri mwingine, na hesabu isipotimia siku mbili mfululizo funguo huchukuliwa. Dalili moja ingetosha, na hapa zipo zaidi ya moja.

Ugumu huanza dereva anapochoka saa nane mchana na kumpa usukani deiwaka, yaani dereva asiye na gari lake la kudumu anayemshikia kwa muda. Sheria ya Ajira inamtambua mwajiriwa kuwa ni mtu aliyekubali kufanya kazi yeye mwenyewe. Je, anayeweza kumpa mwingine nafasi yake bado ni mwajiriwa? Hapo ndipo ninapoileta kesi ya Ready Mixed Concrete ya Uingereza, ya mwaka 1968, ambamo dereva wa lori aliyevaa sare ya kampuni na kuendesha gari lenye rangi za kampuni alihesabiwa kuwa mkandarasi wa kujitegemea, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba aliruhusiwa kumweka dereva mwingine badala yake. Wanafunzi huikimbilia kesi hiyo kwa furaha, wakisahau kwamba dereva yule alikuwa akilinunua lori lake mwenyewe na kulitengeneza kwa gharama yake, na kwamba jaji wa kule hakuwa na kifungu cha 61 mezani. Kuhusu deiwaka mwenyewe, ambaye mara nyingi tajiri hata hamjui, darasa langu halijawahi kukubaliana, nami siwalazimishi.

Jibu likishapatikana kwamba mtu ni mwajiriwa, haki zake husomeka bila shida: likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, na mengineyo. Panapohitaji tahadhari ni miezi 6: ambaye hajaifikisha kwa mwajiri mmoja, iwe kwa mkataba mmoja au kwa mingi iliyofuatana, hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki. Tahadhari nyingine ni bahari. Sheria hizi ni za Tanzania Bara. Mwanafunzi wangu akipanda chombo kwenda Pemba, atakuta Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 ya Zanzibar.

Siku nazo zihesabiwe mapema. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nilipokuwa bado mwanafunzi, mzee mmoja jirani yetu, mlinzi wa ghala kwa miaka tisa bila karatasi yoyote, aliachishwa kwa maneno ya mdomo getini. Nilimweleza kifungu cha 61 kwa mbwembwe za mtu aliyekisoma wiki ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nangoja hasira zake zipoe." Alikuwa amengoja siku 71. Kabla ya kugusa suala la kama alikuwa mwajiriwa, tulikaa barazani kwake tukiandika, ili kuieleza Tume, sababu ya kila siku iliyozidi ile ya 30, moja baada ya nyingine.