Panda Maua, Weka Uzio, Watu Wataupenda Mtaa?

Nikiitwa na chama cha wakazi au na mwenye kujenga nyumba za kupangisha hapa Nairobi, ombi huwa lile lile: "Tupambie hapa pavutie, watu waanze kuona mtaa ni wao." Mchoro tayari wanao kichwani. Nyasi zilizonyolewa sawasawa, chemchemi katikati, maua kandokando, na kibao cha USIKANYAGE NYASI. Kuchora bustani ndiyo kazi yangu na hela yao naihitaji, lakini hili nimelisikia mpaka basi.

Dhana: Bustani ikipendeza, wakazi wataupenda mtaa wao

Uzuri huvuta macho, basi. Kinachomfunga mtu na mtaa ni yale anayoyafanya hapo siku baada ya siku, na sura anazokutana nazo bila kuahidiana. Nyasi asizoruhusiwa kuzikanyaga hazimpi sababu ya kukaa, na asipokaa atajuana na nani?

Kuna utafiti wa Chicago ambao wateja wangu hupenda kuniletea nusunusu. Miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha nyua za Robert Taylor Homes, majengo makubwa ya serikali ambako maskini walipangiwa nyumba bila kuchagua sana waishi wapi. Baadhi ya nyua zilikuwa na miti na nyasi, nyingine zilikuwa tupu. Walioishi penye miti walijuana zaidi na majirani. "Unaona? Miti!" huniambia. Ndiyo, miti, lakini soma mpaka mwisho: penye kivuli watu walitoka nje na kukaa, na kule kukaa ndiko kulikowajuanisha. Mti huohuo uzungushie minyororo uone kama kuna jirani atakayemjua mwenzake.

Mfano wa karibu zaidi uko Dandora, hapa hapa Nairobi. Mtaa ule ulipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nyumba zikazunguka nyua za pamoja. Uwanja wa wote ukawa hauna mwenyewe: takataka, maji machafu, giza. Baadaye vijana wa ua mmoja, kikundi cha Mustard Seed, walizoa taka wenyewe, wakapanda, wakapaka rangi, na nyua nyingine zikafuata. Hakuna chemchemi pale. Kuna watoto wanaocheza na watu wanaojua ni zamu ya nani kufagia. Aliyepanda mche kwa mkono wake hatakubali mtu aegeshe lori juu yake, na hilo halinunuliwi kwa mkandarasi.

Ukitaka kipimo cha mapenzi ya watu kwa bustani, angalia wanaojitokeza siku mtu anapotaka kuichukua. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa mpaka bungeni, lakini jumba halikujengwa. Alichokuwa akitetea ni mahali ambapo familia zisizo na uwanja nyumbani zilikuja Jumapili kulala kwenye nyasi na kupigwa picha. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya Jeevanjee Gardens, iliyotakiwa igeuzwe maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa mfanyabiashara aliyeutoa uwanja ule kwa umma, aliongoza upinzani, na bustani ikabaki. Pita pale mchana wa siku ya kazi: mhubiri huku, wabishi wa siasa kule, na mtu aliyefunika uso kwa gazeti amelala katikati ya kelele zote. Hakuna mchoraji angeishindanisha kwa urembo. Lakini jaribu kuifunga.

Kwa hiyo ushauri wangu, wenye kuudhika na waudhike: kabla ya kuchora, nenda ukatazame ardhi imelikaje. Palipokufa nyasi kwa kukanyagwa, hapo ndipo pa kuweka njia. Jiwe lililong'aa kwa kukaliwa na waendesha bodaboda usilihamishe, liongezee kivuli. Benchi zitazamane, zisipangwe mstari mmoja kama za kituo cha basi. Na hela ikitosha kitu kimoja tu, jenga choo. Mama mwenye mtoto mdogo hakai saa nzima pasipo na choo, hata uwe umepanda waridi za aina gani.

Dhana: Wachuuzi huharibu bustani

Waulize Forodhani, Zanzibar. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na wauza vyakula wakatengewa sehemu yao. Magharibi ikiingia, mishkaki iko motoni na miwa inakamuliwa, wenyeji na wageni wamejaa. Waondoe wale ubaki na taa na ukuta wa bahari. Uchafu ni suala la mapipa, maji na ratiba ya kuzoa taka. Shughulikia hayo kabla ya kumwita askari.

Dhana: Uzio ndio usalama, na usalama ndio mapenzi

Hapa wote hunitajia Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi. Kweli, msitu ule uliwahi kuogopwa, na uzio wa umeme ulisaidia. Lakini uzio haukuja peke yake. Chama cha Marafiki wa Karura kilianza 2009 kikishirikiana na shirika la misitu la serikali, na vijana wa Huruma, kitongoji cha vibanda kilicho kando ya msitu, wakawa walinzi wake. Tena ule ni msitu wa hekta 1,000 na ushee. Wewe una robo ekari kati ya maghorofa mawili! Macho ya wanaokaa pale yatakulindia vizuri kuliko nyaya, na kufuli la saa kumi na mbili jioni humfungia nje mfanyakazi anayerudi saa moja.

Dhana: Maskini hana haja na bustani

Mwenye sebule, veranda na bustani ya nyumbani ndiye anayeweza kuikosa ya umma asione tofauti. Anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, sebule yake iko nje. Mjadala huu sina subira nao.

Dhana: Tukifikisha mita za mraba kadhaa za eneo la kijani kwa kila mkazi, tumemaliza

Hesabu hiyo huchanganya msitu ulio pembezoni mwa jiji na kipande cha ardhi kilicho mlangoni kwako. Afadhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Ulaya: eneo la kijani la walau nusu hekta, ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Na hata hizo 300 zitembee kwa miguu ukiwa na mtoto mkononi, usizipime kwa rula kwenye ramani. Barabara ya njia nne ikikatiza katikati, swali langu la kwanza litakuwa kivuko kiko wapi, na maua tutayajadili baadaye.